Karatasi Zilizotungwa Kama Samaki

Siku walipokuja kuchukua masanduku ya karatasi, nililikalia moja. Sikuwa nimechoka. Nilikalia ili wajue masanduku hayo yana mwenyewe. Yalikuwa tisa, ya bati, na yalikuwa yamekaa kwa stoo yangu hapa Kiminini tangu nikiwa na meno yote mdomoni. Funguo zake zilining'inia shingoni mwangu kwa uzi, hata kanisani, hata nikienda choo.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili msomi anayetaka kuacha kusoma aache sasa. Nilichunga ng'ombe wa mzungu karibu na Kitale, nikapanda daraja nikaendesha trekta yake, na siku alipouza shamba tukajichanga wanachama tukalinunua. Nyumba yangu ya matofali niliijenga kwa mikono hii. Watoto sita nimesomesha, na wote wakija nyumbani huuliza mimi mahindi yavunwe lini. Kwa hivyo mtu akiniambia, mzee, hujui, huwa namuuliza yeye anajua nini ambacho hakuambiwa na mwalimu.

Wenzangu niliolinunua nao shamba wengi wamelala chini. Siku hizi kikundi kinaongozwa na watoto wao, na mwenyekiti ni mtoto wa yule jamaa aliyekuwa na duka pale barabarani. Ni mtu wa shati jeupe. Kila mwanachama sasa alitaka hati yake mwenyewe, na ofisi ya ardhi Kitale ilitaka orodha: kipande fulani ni cha fulani, na karatasi ya kuonyesha. Kamati ikakaa, bila mimi, ikaamua karatasi zote zipigwe picha ziingizwe kwa kompyuta, ili mtu akiandika neno moja tu, karatasi anayoitaka ijilete. Wakamwajiri mama mmoja wa Bungoma mjini ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Anafanyia makanisa na vyama vya wakulima.

Nilimchukia kabla sijamwona, na nilipomwona nikajua sikukosea. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Sirisia, miwani imelala kifuani, sauti ndogo. Watu wa sauti ndogo nawaogopa. Hao ndio huuma.

Nilikataa kutoa funguo. Nikasema masanduku yakienda Bungoma, na mimi naenda. Nikalala kwa dada yangu aliyeolewa Matulo, na kila asubuhi nilikuwa mlangoni kwa yule mama kabla hajafungua. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na chumba chote kilinuka dawa ya kupe. Nilipewa kiti cha plastiki. Nikakaa na fimbo yangu katikati ya magoti, nikimwangalia kama askari anayelinda mfungwa.

Alinieleza kazi yake bila kuulizwa. Alisema kupiga picha karatasi ni kazi rahisi, hata mjinga anaweza. Karatasi iliyopigwa chapa, mashine inaisoma yenyewe. Ile ya mwandiko wa mkono inaishinda, inaona kama kuku amepita na matope. Kwa hivyo yeye na wafanyakazi wake wawili huketi wakaandika, kwa kila karatasi, hii ni nini, ya nani, inahusu kipande gani. Hayo ndiyo maneno ambayo baadaye mtu akiyatafuta, karatasi inatokea. Aliyaita faharasa.

"Kazi yote iko hapo," akasema. "Ukikosea hapo, karatasi iko lakini haipo."

Nikamjibu kwamba mimi nimetunza karatasi hizo zaidi ya miaka arobaini na hakuna hata moja iliyowahi kukosekana, wala moja iliyoguswa na maji. Hilo la maji nilikuwa nalisema kwa kila mkutano wa mwaka. Lilikuwa kama sala yangu.

Sasa lazima nieleze karatasi za kura, maana kila kitu kilichoharibika kiliharibikia hapo.

Tulipogawana shamba, tulipiga kura. Nilikata karatasi ndogondogo mimi mwenyewe, nikaandika nambari za vipande, tukazitia kwa debe la mafuta. Kila mwanachama akatia mkono akatoa yake. Anayejua kuandika aliandika jina nyuma yake, asiyejua akaweka kidole gumba. Majina ya wote yaliandikwa kwa daftari, na daftari akaweka mwenyekiti wa kwanza, na likaungua pamoja na nyumba yake. Zikabaki karatasi za kura peke yake.

Lakini baada ya kura, watu walipewa muda wa kubadilishana. Huyu anataka kukaa na ndugu yake, yule anataka maji, mwingine anataka barabara. Walibadilishana kwa mdomo, mbele ya wazee, wakashikana mikono, basi. Nambari ikabaki kwa karatasi, mtu akahama. Mimi sikutaka kufutafuta karatasi ambayo mtu ameweka kidole. Hiyo ni kama kukanyaga mtu. Nilichofanya ni hiki: nilitoboa kila karatasi kwa pembe, nikazitunga kwa kamba ya katani, vile unavyotunga samaki. Kamba mbili. Moja ya watu wa mtoni, nyingine ya watu wa barabarani, na kwa kila kamba karatasi zilifuatana vile watu wenyewe wanavyofuatana shambani, kutoka upande wa daraja mpaka kwa msitu wa mikaratusi. Ukitaka kujua nani ni jirani ya nani, fungua kamba uhesabu. Sikuhitaji daftari la mtu.

Hakuna aliyenifundisha hiyo. Nilitoa kichwani.

Siku ya tatu yule mama alifika kwa sanduku la kura. Alizitoa kamba zangu polepole, kwa mikono miwili, nakubali hilo. Akavaa miwani. Akaniuliza, "Mzee, hizi zimefungwa hivi kwa mpango, ama ni kamba tu?"

Nilimwangalia. Nilijua jibu na nilijua alihitaji jibu. Na nikafikiria: huyu ndiye amekuja kuchukua kazi yangu kwa kitu kinachowaka taa. Akate. Akoroge. Siku itafika watashindwa, waje Kiminini wakipiga magoti, waseme mzee tusaidie. Nilitamani siku hiyo kama mtu anavyotamani nyama.

"Kamba ni kamba," nikasema.

Akaandika kitu kwa daftari lake. Kisha akainua karatasi ya juu kabisa akaiangalia kwa dirisha, akaniuliza hili doa kubwa la hudhurungi ukingoni ni la nini, ni maji?

"Chai," nikasema.

"Chai iliyoingia mpaka ndani ya furushi?"

"Sisi hunywa chai nyingi."

Akaandika tena. Halafu akachukua makasi, akasema mashine yake haili kamba, akakata. Nilisikia katani ikikatika. Karatasi zikateleza mezani. Mfanyakazi wake mmoja akazipanga upya kwa nambari, moja, mbili, tatu, vizuri kabisa, kama mtoto wa shule. Na mimi nikanywa chai yao kwa raha zangu.

Masanduku yalirudi, karatasi zikiwa kwa bahasha mpya. Nikangoja. Zikapita siku kumi na tisa, na wala hakuna aliyekuja kupiga magoti.

Mkutano uliitwa kwa ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuja na kompyuta na ile mashine ya kurusha picha ukutani. Aliomba mwanachama yeyote aseme nambari ya kipande chake, akaiandika, na karatasi ya kura ya huyo mtu ikatokea ukutani kubwa kama blanketi. Watu wakapiga makofi. Wazee wenzangu waliona vidole vyao vya ujana ukutani wakacheka kama wamewekwa kwa televisheni. Wawili watatu waliona majina ya ndugu zao badala yao, kwa sababu ya yale mabadilishano, lakini ndugu alikuwepo, wakakubaliana, karani akarekebisha. Mimi nilikaa nyuma nikiona aibu ambayo sikuwa nimeitarajia. Kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Ndipo akasimama mjane wa mwenzangu.

Huyo mwenzangu tulitahiriwa naye mwaka mmoja, tukatiwa matope mtoni asubuhi moja. Kwetu mkiingia kisu pamoja nyinyi ni ndugu, na mkewe ni shemeji yako, na akifa wewe ndiye ukuta wa boma lake. Alikufa miaka mingi imepita. Kaburi lake liko pale pale kwa kipande chao cha mtoni, nyuma ya nyumba, amelipandia mkewe maua. Shemeji akataja nambari yake, thelathini na moja.

Ikatokea karatasi. Nyuma yake kuna jina, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Lilikuwa jina la baba yake mwenyekiti.

Mwenyekiti akakohoa kidogo, kama mtu aliyeshangaa, lakini hakushangaa. Nilimwangalia shingo, haikustuka. Alikuwa ameitafuta nambari hiyo nyumbani kwake kabla.

Shemeji alisema bila kupandisha sauti kwamba mumewe alitoa nambari nane, ya barabarani, akabadilishana na huyo baba yake mwenyekiti aliyetaka mahali pa duka. "Hata duka lenu liko kwa nambari nane. Wewe wakati huo ulikuwa unanyonya."

"Mama, mimi siongei habari ya kunyonya," mwenyekiti akasema. "Naongea habari ya rekodi." Akaandika nane. Ikatokea karatasi yenye kidole gumba tu, bila jina. Akauliza ukumbi, hiki kidole ni cha nani? Nani anaweza kuapa? Kwa duka wamekaa maisha yao yote, na kipande cha mtoni kina jina la baba yake. Vyote viwili vikawa vyake, hivyo, kwa kubonyeza mara mbili. Orodha ingeenda Kitale Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. "Asiyeonekana kwa kompyuta," akasema, "hayupo."

Wengine walicheka, wale wa kuchekea mwenye mamlaka. Shemeji aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Nikasimama. Nikasema najua hicho kidole ni cha nani, nilimshikia mkono mimi mwenyewe akikiweka.

"Una karatasi ya kuonyesha, mzee?"

"Nina kichwa."

"Kichwa hakiingii kwa skana, mzee." Ukumbi ukacheka tena, na safari hii walicheka hata niliowafundisha kushika jembe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Bungoma. Nilipanda ngazi nikipiga kila hatua kwa fimbo. Nilimwambia yule mama kwamba amempokonya mjane nyumba, kwamba makasi yake yamefukua kaburi la ndugu yangu, kwamba mtu wa Sirisia hana kazi na ardhi ya watu wa Kiminini. Nilisema mengi. Wafanyakazi wake waliacha kuandika.

Alingoja nimalize. Kisha akafungua droo, akatoa lile daftari, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ndogo. "Sanduku la kura. Nimemuuliza mtunzaji kama kamba ina mpango. Amesema kamba ni kamba. Nimemuuliza doa. Amesema ni chai." Akalifunga. "Ni uongo?"

Nilivuta kile kiti cha plastiki nikakaa.

"Mzee, mimi huuliza hivyo kila mahali. Swali la kwanza. Mpango wa mwenyewe haukatwi kabla ya kuuliza. Kama ungesema neno moja ningeandika kila karatasi inatangulia gani na inafuata gani, hata mashine ingejua. Ulikuwa na faharasa kamili kwa kamba, ukaniacha nikaikata ukinywa chai yangu." Akavua miwani. "Na huyo mjane unamwita shemeji."

Sijawahi kupigwa kofi na mwanamke. Lakini sasa najua linavyokuwa.

Nikamwambia hata hivyo kamba iko kichwani mwangu, atoe hizo picha nimpangie upya. Akazitoa zote kwa skrini, ndogondogo. Nikaanza na watu wa mtoni upande wa daraja, nikataja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tisa nikakwama. Nikarudi nyuma. Wale wenye majina hawakunipa shida, lakini vidole ni vidole. Niliangalia vidole ishirini na kitu vya wenzangu waliokufa na sikuweza kusema hiki ni cha huyu na hiki ni cha yule. Nilikuwa nimejivunia kichwa changu kwa miaka hiyo yote, na kumbe kichwa kilikuwa ile kamba.

"Kwa hivyo," mama akasema, "haiko."

Alizungusha picha kwa skrini polepole, akizikuza. Sikujua anatafuta nini. Akasimama kwa moja, halafu nyingine, akaniuliza bila kunitazama, "Ile chai. Ilimwagika kutoka wapi?"

Nilikaa na hilo swali. Nje, kwa duka la chini, mtu alikuwa akibishana juu ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilijua nikijibu, kile nilichosema kila mwaka mbele ya watu wote kimekufa. Na nisipojibu, Ijumaa inakuja.

"Paa lilivuja," nikasema. "Mvua ya masika. Nilikuwa mazishini Webuye siku tatu. Nikakuta maji ndani ya lile sanduku. Nilizianika juu ya turubai la mahindi, bila kuzitoa kwa kamba, nikaweka mawe. Sikumwambia mtu."

"Kamba mbili zilikuwa zimelalaje?"

"Sambamba. Ya mtoni kushoto, ya barabarani kulia. Maji yalianguka katikati."

Hapo ndipo alinitazama. Akasema basi zile za mtoni zimelowa ukingo wa kulia, na za barabarani zimelowa ukingo wa kushoto, na ile ya juu imelowa zaidi na ya chini kidogo. Akageuza kila picha mpaka tundu la kamba likae pembe moja. Akaanza kuzivuta kwa skrini, doa kubwa mbele, dogo nyuma. Mfanyakazi wake alileta kiti. Walipima madoa kwa rula, kwenye skrini, mmoja anapima na mwingine anaandika. Sikutakiwa kwa kazi hiyo na walinionyesha hivyo. Mchana nilienda kununua muhogo wa kuchemsha nikarudi, sikuwapa.

Saa kumi jioni lile doa lilikuwa limejipanga. Ukipita picha moja baada ya nyingine, lilikuwa linapungua kama kidimbwi kinachokauka, kwanza ukubwa wa kiganja, mwisho ukubwa wa kucha. Na nambari nane, ile yenye kidole kisicho na jina, doa lake lilikuwa ukingo wa kulia, pamoja na watu wa mtoni. Mbele yake alikuwa jirani ya shemeji wa upande wa daraja, jina limeandikwa. Nyuma yake alikuwa jirani yake wa upande wa mikaratusi, jina limeandikwa. Ile thelathini na moja ya baba yake mwenyekiti ilikuwa imelowa kushoto, katikati ya watu wa barabarani, pale pale duka lilipo.

Mama aliongeza kwa faharasa yake nafasi mbili mpya kwa kila karatasi, ya jirani wa kabla na jirani wa baada. Akasema sasa mtu akitafuta jirani, atampata mtu. Kisha akasema kesho anakuja Kiminini mwenyewe, lakini doa haliwezi kujieleza. Lazima mtu aseme lilitoka wapi.

"Utasema?" akauliza.

Nikamwambia mimi si mtoto wa kuulizwa mara mbili. Lakini usiku ule nilifikiria kutokwenda.

Alhamisi wazee waliitisha mkutano tena, na ukumbi ulijaa kuliko Jumanne, maana habari ya mjane ilikuwa imezunguka. Nilisimama mbele, si nyuma. Nilisema kamba zilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa ardhi yenyewe. Nilisema niliulizwa Bungoma nikakana, na niliona makasi yakikata nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kazi iharibike. Nilisema paa lilivuja. Nilipofika hapo mzee mmoja mbele alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Mwenyekiti alitabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu akikuona umeanguka. "Kwa hivyo wewe ni mwongo mara mbili," akasema, "na leo unataka tukuamini mara ya tatu?"

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Amini maji. Maji hayakujua shamba ni la nani."

Yule mama hakusema mengi. Alirusha karatasi za mtoni ukutani, moja baada ya nyingine, doa likipungua, na kwa kila yenye jina akauliza tu kama mwenyewe au mtoto wake yupo, na jirani yake wa kabla ni nani. Wakawa wanasimama. Huyu ni mimi. Huyu ni baba yangu, na yule kabla yetu ni hawa hapa. Waliendelea kusimama vile wanavyokaa mtoni, mpaka mstari wa watu ukawa umejipanga ukutani, na watoto wa wale wa vidole wakasimama pia, kila mmoja kati ya jirani zake. Ikafika nambari nane. Kidole kikatokea, kikubwa, na doa lake kulia. Jirani wa kabla alikuwa amesimama. Jirani wa baada alikuwa amesimama. Katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na shemeji akaenda akasimama hapo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa barabarani alimwambia mwenyekiti kwa Kibukusu kwamba baba yake hangefanya hivi, na hilo lilimaliza mkutano kuliko kura. Mwenyekiti akafunga kompyuta. Orodha ilienda Kitale Ijumaa, nambari thelathini na moja ikiwa na jina la shemeji, na alama mbele ya jina ya kuonyesha karatasi ya kura ni nambari nane.

Kwa mkutano huohuo kamati iliniomba funguo. Niliuvua ule uzi wa shingoni mimi mwenyewe, sikungoja mtu. Yule mama wa Bungoma alipita karibu nami akienda, akasema tu kwamba angependa kujua kama kuna kitu kingine nilisema ni chai. Nikamwambia aende salama, na simaanishi salama sana. Bado simpendi. Lakini sijaona mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kwa nini nilitunga karatasi hivyo.

Jumapili baada ya kanisa nilienda kwa shemeji. Tangu mumewe azikwe nimekuwa nikienda, na tangu wakati huo nimekuwa nikikuta chai imeshawekwa mekoni kabla sijabisha. Aliniletea kigoda nje, akakiweka karibu na kaburi, akakaa kwa ngazi ya nyumba na mchele wake wa kuchambua. Tuliongea juu ya mahindi, ya mvua, ya mbolea isiyofika. Halafu akaacha kuchambua.

"Shemeji, ulinyamaza siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akatikisa ungo, akapuliza makapi. Aliendelea kuchambua na mimi niliendelea kukaa, jua likahama kutoka kwa magoti yangu mpaka kwa maua ya mwenzangu. Jikoni hapakutoka moshi. Nilikaa muda ambao mgeni hukaa akingoja, halafu muda mwingine kama huo, kisha nikachukua fimbo yangu nikaaga.